Soko la Nansio: Palepale, Ghorofani au Nje ya Mji? Hesabu ya Mnunuzi

Mfuko wa saruji unaouzwa Nansio hulipiwa njiani mara nyingi kabla haujafika dukani. Kuna aliyeupakia kwenye mkokoteni Mwanza, aliyeushusha bandarini, aliyeuingiza melini, aliyeutoa, aliyeupandisha kwenye guta na aliyeupanga stoo. Kila mkono una ujira wake, na ujira wote huo unalipwa na mtu mmoja: mnunuzi wa mwisho. Kwa hiyo mpango wowote wa kuboresha katikati ya Nansio, yaani soko, stendi na gati, unamgusa kila mwenye kikapu, hata kama hamiliki kizimba wala chombo cha usafiri.

Nansio ni makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 345,147 wilayani humo. Wakulima wa Kagunguli na Ilangala, wavuvi wa visiwa vidogo na ndugu zao wa kisiwa cha Ukara wana mahitaji ambayo mwisho wake ni Nansio: mbegu, bati, dawa, sare za shule, vipuri vya injini. Mji wenyewe ni mdogo, na mtu anayeshuka melini anaweza kuumaliza kwa miguu. Udogo huo ni mali. Mji ukipangwa vizuri, mnunuzi atashuka, atanunua na kupanda gari la kijijini bila kutoa nauli ya ziada. Ukipangwa vibaya, atalipa nauli hiyo kila wiki maisha yake yote.

Makala haya yanalinganisha chaguo zilizopo: njia za kuleta mzigo, namna tatu za kuliendeleza soko, na vyombo vya kuzungukia mji. Nauli na kodi ambazo sikuzitaja zilikotoka ni za mfano tu. Weka bei unayolipa wewe, kisha fuata mpango uleule wa hesabu.

Mzigo kutoka Mwanza: majini au kupitia Kisorya

Mfanyabiashara anayefuata bidhaa za jumla Mwanza ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni majini moja kwa moja, kutoka Bandari ya Mwanza Kaskazini hadi Nansio, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa meli za kawaida. Ya pili ni barabara inayozunguka Ghuba ya Speke: Mwanza, Magu, Lamadi, Bunda, Bulamba, Kisorya, kisha kivuko hadi Rugezi na barabara ya kisiwani hadi mjini. Kipande cha Bulamba hadi Kisorya, kilomita 51, ni cha lami, na hilo limeigeuza njia hii kuwa mshindani wa kweli wa meli.

Tuanze na abiria. Nauli elekezi za LATRA zilizoanza Desemba 2023 ziliweka shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa basi la daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati, kwenye lami. Mzunguko wa kutoka Mwanza hadi Kisorya unazidi kilomita 200. Kilomita 200 peke yake ni kama shilingi 9,700 kwa basi la kawaida na kama 13,570 kwa daraja la kati. Hapo bado nauli ya kivuko, na gari la kutoka Rugezi. Ukiwa na mkoba wa mkononi tu, linganisha jumla hiyo na tiketi ya meli kabla ya kuamua. Mara nyingi maji yatashinda kwa sababu yanakata moja kwa moja pale ambapo barabara inazunguka.

Kasoro ya meli kwa abiria ni ratiba. Ukichelewa Mwanza, unalala. Tuseme gesti ni shilingi 20,000 na chakula 8,000. Kama ulifuata bidhaa 40, kila moja imeongezeka shilingi 700 kwa sababu ya usiku mmoja. Mwenye mtaji mdogo ndiye anayeumia zaidi, maana ana bidhaa chache za kugawia gharama hiyo. Akifuata bidhaa kumi tu, kila moja inabeba 2,800.

Kwenye mzigo mzito hesabu inabadilika, na hapa ndipo wengi hukosea. Hulinganisha nauli ya meli na nauli ya lori wakasahau mikono. Kwa meli isiyopakia magari, mfuko wa saruji hupita mikononi mara sita, kama tulivyohesabu mwanzo. Lori linalopakia stoo ya Mwanza, likapanda kivuko Kisorya na kushushia mlangoni pa duka Nansio, hulifanya jambo hilo kwa mikono miwili: kupakia na kushusha. Tuseme kila mkono unatoza shilingi 300 kwa mfuko. Meli ina shilingi 1,800 za mikono, lori lina 600. Tofauti ni 1,200 kwa mfuko. Anayejenga nyumba ya mifuko 100 akitumia meli anatoa shilingi 120,000 zaidi kwa ajili ya kunyanyua tu.

Kanuni inayotokana na hapo ni nyepesi. Kama nauli ya meli kwa mfuko ni ndogo kuliko ya lori kwa zaidi ya shilingi 1,200, panda meli. Kama pengo ni dogo kuliko hilo, njia ya Kisorya inakufaa hata kama ni ndefu.

Kimazingira, maji bado yana nafasi kubwa. MV Butiama, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, ina uwezo wa abiria 200 na tani 100 za mizigo. Tani 100 ni mifuko 2,000 ya saruji, kazi ya malori kumi ya tani kumi kumi, kila moja likizunguka ghuba nzima kwa dizeli yake. Kinachoinyima meli ushindi ni mita chache za mwanzo na za mwisho. Gati lenye njia laini ya magurudumu, mizigo iliyopangwa kwenye paleti, na geti ambalo guta linafika hadi ubavuni mwa meli, vinaweza kufuta mikono miwili au mitatu kati ya sita. Kwa mfano wetu hiyo ni shilingi 600 hadi 900 kwa kila mfuko. Ningetaka sehemu ya kwanza ya bajeti ya kuboresha mji iende hapo, kabla ya kuinua ukuta wowote.

Kuna jambo la kurudi pia. Lori linaloleta saruji likaondoka tupu linamlipisha mwenye saruji safari mbili. Ukerewe ina machungwa yanayojulikana Mwanza yote, ina mihogo, mananasi na dagaa. Kukiwa na mahali pamoja pa kukusanyia mazao, penye kivuli na mizani ya kuaminika, karibu na pale malori yanaposhushia, dereva atapata mzigo wa kurudi nao na nauli ya kuja itapungua. Mkulima naye atauza kwa mnunuzi zaidi ya mmoja.

Chaguo la kwanza: soko la ghorofa

Ghorofa huvutia viongozi na wananchi. Linaonekana, linaokoa ardhi, na halmashauri inatarajia kodi kutoka kila sakafu. Mnunuzi, hata hivyo, ana maswali mengine, na Tanzania imeshayapatia majibu.

Dar es Salaam ilijenga Machinga Complex pale Karume, Ilala, ikafunguliwa mwaka 2010 kwa mkopo wa NSSF uliozidi shilingi bilioni 10. Lengo lilikuwa kuwatoa wafanyabiashara wadogo juani. Wengi hawakukaa. Wateja wao walikuwa wapita njia, na mpita njia hapandi ngazi kutafuta soksi. Vizimba vingi vilibaki vitupu kwa miaka, huku riba ikilikuza deni.

Kariakoo ni habari nyingine. Soko lilipoungua Julai 2021, serikali iliidhinisha zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jengo jipya la ghorofa pembeni yake. Kariakoo inaweza kulibeba ghorofa kwa sababu wanunuzi wanatoka nchi nzima na nchi jirani, wakiwa wamekuja kutafuta bidhaa maalumu. Nansio ina mnunuzi wa fungu la nyanya mwenye haraka ya gari la Bukindo.

Tufanye hesabu ya mama anayeuza nyanya. Ana faida ya shilingi 150 kwa fungu, anauza mafungu 60 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Kizimba chake cha sasa tuseme ni shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani 600 kwa siku. Anabaki na 8,400.

Ahamie jengo jipya lenye kodi ya 60,000 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa siku. Wateja wakibaki walewale, anabaki na 6,600. Inauma, lakini anaweza kuivumilia, na akiongeza shilingi 30 kwa fungu amerudi alipokuwa. Sasa mweke ghorofa ya kwanza, wateja wapungue nusu. Anauza mafungu 30, anapata 4,500, anatoa kodi, anabaki na 2,100. Kuirudisha faida yake ya zamani itambidi aongeze shilingi 210 kwa kila fungu, na kwa bei hiyo hata wale 30 watamkimbia.

Mfano huu unaonyesha kwamba mzigo mkubwa kuliko kodi ni kupotea kwa miguu ya wapita njia. Mpango wa soko ukianza na idadi ya vizimba badala ya njia za watu, umeanzia mwisho.

Ghorofa linaweza kufaa Nansio kwa shughuli ambazo mteja huzifuata kwa makusudi: ofisi, fundi cherehani, saluni, wakala wa bima, mafunzo ya kompyuta. Sakafu moja ya juu kwa kazi hizo, chini pakibaki pa mboga, samaki na nafaka, ina mantiki. Sakafu nne za vizimba vya nyanya hazina.

Chaguo la pili: soko jipya nje ya mji

Hoja ya kuhamia nje ni ardhi ya bei nafuu na nafasi ya kuegesha malori. Halmashauri huokoa fedha siku ya kununua kiwanja. Tuangalie anayelipa baada ya hapo.

Tuseme soko limehamia kilomita tatu kutoka lilipo, na bodaboda ni shilingi 1,000 kwa safari. Familia inayokwenda sokoni mara tatu kwa wiki hulipa safari sita, shilingi 6,000. Kwa wiki 52 hiyo ni shilingi 312,000 kwa mwaka. Familia elfu moja ni shilingi milioni 312 kila mwaka, na kwa miaka kumi zaidi ya bilioni tatu. Fedha hiyo haijengi choo wala haiongezi taa. Inaishia kwenye petroli inayoletwa kisiwani kutoka mbali.

Mwenye gari hataiona tofauti hiyo. Ataiona bibi anayeuza mchicha wa shilingi 3,000 kwa siku, ambaye nauli ya kwenda na kurudi ingekula theluthi mbili ya mauzo yake. Huyo ataacha kwenda sokoni, ataweka kitambaa chini kando ya barabara mjini, na baada ya miezi michache atafukuzwa. Tuliyaona mwaka 2021, machinga walipoondolewa barabarani katika miji mingi nchini: palipotengwa mahali penye wateja, watu walitulia, palipotengwa pasipo na wateja, walirudi barabarani kidogo kidogo. Aliyerudi alikuwa anafuata mkate wake, na mpango ulipaswa kulijua hilo tangu mwanzo.

Kinachostahili kwenda nje ya katikati ni kile kinachohitaji nafasi na hakihitaji wapita njia: maegesho ya malori ya usiku, stoo za saruji na mbao, karakana, na mnada wa mifugo. Vikiondoka hivyo, katikati panapata pumzi bila kuwahamisha wauza mboga.

Chaguo la tatu: kuboresha palepale, kwa awamu

Hili ndilo ninaloliunga mkono, na nalisema waziwazi. Soko libaki karibu na gati na stendi, lijengwe upya nusu kwa nusu, huku nusu nyingine ikiendelea kuuza.

Awamu ni muhimu kwa sababu kuhama kwa muda hugeuka kuhama kwa miaka. Jijini Mwanza, wafanyabiashara wa soko kuu walipelekwa Mbugani kupisha ujenzi, na ujenzi ukachukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa awali. Mfanyabiashara mkubwa huvumilia. Mwenye mtaji wa shilingi 100,000 huumaliza mtaji huo kwa chakula cha nyumbani, na siku jengo linapofunguliwa jina lake halimo tena kwenye orodha.

Kazi zinazoleta nafuu ya haraka kwa fedha kidogo ninazipanga hivi:

Kwanza, sakafu ya zege yenye mteremko na mitaro iliyofunikwa. Soko lenye tope hupoteza bidhaa. Tuseme muuza matunda anatupa chungwa moja katika kila kumi kwa kuoza au kupondeka. Bei ya yale tisa lazima ibebe la kumi, na mnunuzi ndiye anayelilipia.

Pili, paa pana lenye kuvuna mvua. Funzo zuri tunalo nyumbani. Soko la Kariakoo la mwaka 1975, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, lilipewa paa la maumbo kama miavuli iliyopinduliwa, linalopitisha hewa na kukusanya maji ya mvua. Ukerewe ina mvua ya kutosha, na maji ya paa yanatosha kuoshea sakafu na vyoo bila kuongeza bili.

Tatu, vyoo na maji ya kunawa, hasa karibu na mama lishe na wauza samaki. Gharama ya kipindupindu hailipwi na soko peke yake. Inalipwa na kila nyumba.

Nne, chumba cha baridi na meza za kuuzia samaki zilizoinuliwa. Sato asiyeuzwa kufikia saa kumi jioni huuzwa kwa bei ya hasara. Chumba kinachotumia umeme wa jua mchana, na kodi yake ikitozwa kwa ndoo, kingempa muuzaji siku ya pili ya kuuza.

Tano, njia ya watembea kwa miguu yenye taa na miti kutoka gati hadi sokoni na kutoka sokoni hadi stendi, pana kiasi cha kupisha guta na mtu mwenye mzigo kichwani, na yenye mteremko unaofaa kiti cha magurudumu.

Kuboresha palepale kuna sharti moja: ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipita kiwango cha rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena sana. Waliojenga ufukweni waliona maji mlangoni. Jengo lolote la kudumu lipimwe kwa kiwango cha miaka hiyo, na ukanda wa ufukweni ubakizwe kwa nyasi, miti na vichanja vya dagaa vinavyohamishika. Kujaza kifusi ziwani ili kupata kiwanja ni deni ambalo maji yatalidai.

Kuzunguka mjini: miguu, baiskeli, bodaboda, mchomoko

Miguu haina bei, ndiyo maana njia ya miguu ndiyo uwekezaji wa usafiri wenye haki kuliko wote. Kwa umbali usiozidi kilomita moja hakuna chombo kitakachoishinda ikiwa njia ina kivuli na haina shimo.

Baiskeli ni chombo cha Ukerewe tangu zamani. Tuseme mtu anainunua kwa shilingi 250,000 na matengenezo ni 50,000 kwa mwaka. Kama inamwokolea safari nne za bodaboda za shilingi 1,000 kwa wiki, anaokoa 208,000 kwa mwaka. Katika mwaka wa pili imekwisha kulipa gharama yake. Sharti ni mahali pa kuifungia sokoni penye mlinzi. Kijiwe cha kulinda baiskeli kwa shilingi 200 ni ajira ya kijana na ni nafuu ya wengi.

Bodaboda ni ya haraka na inafika mlangoni, lakini ina gharama zisizo kwenye nauli: ajali, moshi na kelele mbele ya vizimba. Hilo halifanyi bodaboda kuwa adui wa mpango. Vijana hao ndio wanaounganisha mji na vijiji. Wapewe vijiwe vilivyojengwa kwenye milango ya soko, vyenye paa, ili wasizibe njia ya kuingilia.

Pikipiki za umeme zinastahili kujaribiwa hapa mapema kuliko mahali pengi, kwa sababu safari za kisiwani ni fupi. Pikipiki ya petroli inayokwenda kama kilomita 40 kwa lita, kwa petroli ya takriban shilingi 3,000, hula shilingi 75 kwa kilomita. Ya umeme inayotumia uniti tatu kwa kilomita 60, kwa uniti ya takriban shilingi 350, hula chini ya shilingi 20. Dereva wa kilomita 100 kwa siku angeokoa zaidi ya shilingi 5,500. Kabla ya kununua, aulize bei ya betri mpya, nani ataitengeneza kisiwani, na umeme ukikatika atachaji wapi. Upande wa Kenya wa ziwa hili, kampuni ya WeTu imejenga vituo vya umeme wa jua vinavyochaji taa za wavuvi na vyombo vya usafiri. Kituo cha aina hiyo kando ya soko la Nansio kingeweza kuhudumia taa za dagaa usiku na pikipiki mchana.

Kwa vijiji vya mbali, mchomoko au Hiace ndiyo nafuu kwa mtu mwenye mzigo mmoja. Kwa wanawake watano wenye mizigo inayofanana, kukodi guta la injini kwa pamoja huenda kukashinda. Kama kukodi ni shilingi 15,000, kila mmoja anatoa 3,000 kwa mwili na mzigo. Pigeni hesabu hiyo pamoja kabla ya kila mmoja kupanda bodaboda yake.

Siku ya gulio na uhai wa watu

Kuna gharama isiyopimwa kwa shilingi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikitokea Bugolora. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilikuwa na uwezo wa watu 101. Waliokufa walizidi 220.

Kila mpango wa soko Ukerewe una wajibu wa kuwakumbuka watu hao kwa vitendo. Gulio linavuta umati kwa siku moja, na chombo hakiongezeki ukubwa siku hiyo. Kwa hiyo ratiba ya magulio na ratiba ya vivuko zipangwe mezani pamoja. Siku ya gulio ziongezwe safari za asubuhi na jioni, mizigo isafirishwe kwa zamu yake tofauti na abiria, na tiketi zikifika idadi ya chombo geti lifungwe. Abiria anayesubiri awe na paa, maji na choo, maana anayenyeshewa ndiye anayelazimisha kupanda. Kibanda kizuri cha kusubiria ni kifaa cha usalama sawa na jaketi la kuokolea maisha.

Nawe mnunuzi una la kuchagua. Ukiona chombo kimejaa, bei ya kusubiri safari ijayo ni ndogo kuliko bei nyingine yoyote.

Nani alipe?

Katika visiwa vya Ssese nchini Uganda, vivuko MV Pearl na MV Ssese vinavyounganisha Bukakata na Luku kwenye kisiwa cha Bugala huvusha abiria bure. Serikali ndiyo inayomlipa mwendeshaji, Kalangala Infrastructure Services. Huko maji yanahesabiwa kama barabara, na hakuna anayetozwa kwa kutembea barabarani. Kwa Tanzania, mtembea kwa miguu wa Kigamboni hulipa shilingi 200 kwenye kivuko, kiasi ambacho wengi wanakimudu. Wakazi wa Ukerewe wana haki ya kuuliza nauli yao ya Rugezi na Bugolora inalinganaje na mifano hiyo.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 likiwa na urefu wa takriban kilomita tatu na gharama iliyozidi shilingi bilioni 700, limewapa watu wa Ukerewe hamu ya daraja la Kisorya–Rugezi. Ni hamu halali. Ila miaka ya kusubiri daraja isiwe miaka ya kuacha gati lichakae. Kilichoorodheshwa hapa kinaweza kuanza kwa bajeti za kawaida za halmashauri, TARURA na TEMESA, na wafanyabiashara wadogo wana dirisha la mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu.

Uamuzi, kwa kila mhusika

Mnunuzi wa kila siku: dai soko libaki pale miguu inapofika. Hakuna punguzo la bei ya nyanya litakalofidia nauli ya kila wiki.

Mwenye duka la jumla: hesabu mikono kabla ya nauli. Mzigo mzito na mkubwa upitie Kisorya hadi gati litakapoboreshwa. Mzigo mwepesi na wa haraka upande meli.

Mwenye kizimba: kabla ya kukubali jengo jipya, uliza kwa maandishi kodi itakuwa kiasi gani, nani yumo kwenye orodha ya kurudi, na watu wangapi watapita mbele ya meza yako. Swali la mwisho ndilo lenye fedha.

Dereva wa bodaboda au guta: omba kijiwe ndani ya ramani. Asiyechorwa kwenye ramani ndiye anayefukuzwa ramani ikishatekelezwa.

Diwani na mtaalamu wa mipango: leteni mkutanoni jedwali la gharama za mwananchi kando ya jedwali la gharama za ujenzi. Liwe na safu tatu, palepale, ghorofani na nje ya mji, na mistari ya nauli kwa mwaka, kodi kwa siku, bidhaa zinazooza na mikono inayonyanyua mzigo. Mkutano wa kijiji au mtaa unaweza kulijaza jedwali hilo kwa asubuhi moja, kwa sababu wanaolipa bei hizo wamekaa humo humo. Likishajazwa, jengo lolote litakaloamuliwa litakuwa limechaguliwa na watu wanaojua litawagharimu nini.